Uso wa Namizo wa Nne

Haya ni kweli tupu, sijatia chumvi hata punje, na anayebisha aende Edo, kule Japani ya kale, akawaulize wachonga mbao.

Namizo wa Nne, mwigizaji, alifariki kwa surua, ndevu hazijamwota vizuri. Lakini ukoo wa waigizaji haukai bila mwenye jina. Matanga hayajapoa, baba yake akaleta kijana kutoka Osaka, akamfanya mwanawe, na huyo ndiye akawa Namizo wa Tano.

Denbei, mchapishaji wa picha za waigizaji, hakuchelewa kumfuata Yohachi, fundi mchonga mbao, ubao wa mti wa cheri wa kuchapia picha ya marehemu ukiwa kwapani.

"Nguo ileile, nembo ileile, hata mikono ileile," alisema. "Toa kichwa cha marehemu, pachika cha huyu mpya. Ubao mpya mzima wa nini?"

"Ukifa wewe nitakuchonga kwa makombo," alisema Yohachi. Lakini aliupokea.

Bi Otaki, mama wa marehemu, alipata habari. Akaja peke yake, akakaa mlangoni kwenye vumbi la mbao.

"Mzee Yohachi, jina wamempa mtu. Chumba chake kina mtu. Picha zake mume wangu kazichoma zote, eti mgeni asijione amekalia kiti cha mwenzake. Huo uso ukiutoa, nipe mimi. Nitaupaka wino, niubandike kwenye karatasi, nimwone."

Hapo Yohachi alipaswa kusema ukweli. Mistari ya uso ni myembamba kama unywele. Patasi ikiingia, uso hautoki mzima. Lakini mdomo wake ulikuwa na mbio kuliko yeye.

"Utatoka kama yai, mama. Mimi niliwahi kumtoa simba na manyoya yake yote."

Bi Otaki nusura atabasamu.

Yohachi alilowesha ubao, akachimba pembeni polepole, akishikilia pumzi. Ikaenda pua. Likaenda paji. Alipomaliza, mkononi mwake mlikuwa na vibanzi tu.

Basi akachukua kipande kingine cha cheri, akamchonga upya kwa kumbukumbu: mdomo uliopinda kwa dharau, kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Akakipaka masizi kionekane cha zamani.

"Ndio wenyewe," alimwambia Bi Otaki alipokuja kuuchukua. "Umetoka mzima."

Bi Otaki hakungoja kufika nyumbani. Alitoa wino na karatasi, akabandika, akasugua, akafunua. Mwanawe kwenye karatasi alikuwa ameangalia upande mwingine, na kovu limehamia juu ya jicho la kulia.

"Ubao huchongwa kinyume ili picha itoke sawa, Mzee. Hata mimi mke wa mwigizaji najua. Wewe hujui?"

"Najua."

"Sasa?"

"Siku zote nachonga watu kinyume, mama, kwa kufuata mchoro uliobandikwa ubaoni kifudifudi. Huyu sikuwa na mchoro. Nimemchonga nilivyokuwa namwona akiingia hapa kunitania."

Bi Otaki aliikunja karatasi taratibu.

"Na ule wa kweli uko wapi?"

Yohachi alivuta droo, akatoa kitambaa, akakifungua mkekani. Vibanzi vikatawanyika.

"Jicho moja lilitoka zima," alisema. "Hilo sikudanganyi."

Bi Otaki aliinama juu ya vibanzi, akaanza kulitafuta.