Kitambaa cha Alfajiri

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, moshi ulitoka kwenye bomba la jiko la shule na, badala ya kupanda, ukashuka. Ulitambaa juu ya bati la stoo, ukavuka uzio, ukaingia dirishani kwa mwalimu wa sayansi. Mwenye dirisha alikuwa amesimama nje, koti juu ya nguo za kulalia na viatu bila kufungwa kamba, akiutazama. Alfajiri hewa iliyo karibu na ardhi huwa baridi na nzito, na ile ya juu yake huwa na joto kidogo, basi moshi hufunikwa kama mchuzi chini ya kifuniko. Jambo hilo alilifundisha kila mwaka kwa mchoro ubaoni. Kulitazama likiingia kwake alianza baada ya nyumba kubaki na mtu mmoja.

Mkewe alikuwa kwa dada yake, katika mji mwingine. Aliondoka kwa ushauri wa daktari, si kwa ugomvi, na mwalimu alipenda hilo lieleweke vizuri kwa sababu katika chumba cha walimu lilikuwa tayari limeanza kueleweka vibaya. Kifua kilikuwa kikimbana kila asubuhi. Daktari alimpa kipimo cha pumzi, kibomba cha plastiki chenye mshale: unavuta pumzi, unapuliza kwa nguvu, unasoma mshale umefika wapi. Nyumbani mshale ulikuwa ukiishia chini ya mia tatu. Kwa dada ulipita mia nne. Huo ulikuwa ushahidi, na mwalimu hakuwa mtu wa kubishana na ushahidi. Alibaki na cherehani ya miguu karibu na dirisha, imefunikwa shuka, na mazoea ya kuchemsha chai ya watu wawili.

Mwanzoni mwa muhula aliingia kidato cha tatu mikono mitupu.

"Moshi wa jikoni unakwenda wapi?" aliuliza.

"Mbinguni," sauti ikajibu kutoka nyuma. Darasa likacheka.

"Una ushahidi?"

"Ushahidi upo kwa waliotangulia, mwalimu."

Alisubiri kicheko kiishe. Msichana wa dawati la mbele, ambaye mama yake mzazi ndiye aliyembandika jina la Mbishi, aliinua mkono. "Kwani wewe unajua moshi unakokwenda?"

"Najua mahali pamoja unapofika. Pengine sijui."

"Basi tupime."

Mwalimu alirudi nyumbani, akafungua sanduku la mkewe la mabaki ya vitambaa, akatoa bitana nyeupe. Aliikata vipande vyenye upana wa vidole vitatu. Wanafunzi walivipaka mafuta mazito ya ngozi ili masizi yanase, wakavitundika kwenye mlango wa jiko, ukuta wa stoo, madirisha ya madarasa na, kwa kuwa ramani waliyoichora iliwataka, dirisha la mwalimu. Kila sehemu ilipata vipande viwili, kimoja cha alfajiri na kimoja cha mchana.

Vilipopangwa juu ya meza, Mbishi ndiye aliyekiona kituko. "Cha alfajiri cha kwa mwalimu ni cheusi kuliko cha stoo. Na stoo ndiyo jirani wa jiko. Cha mchana ni karibu cheupe."

Shule nzima ilijua nani hayupo katika nyumba ile.

"Msinionee haya," mwalimu alisema. "Ulizeni kwa nini."

Waliuliza. Walifunga vipimajoto kwenye mti mrefu wa mwanzi, wakaamka kabla ya kengele, wakaona kwa macho yao kwamba ncha ya juu ilikuwa na joto kuliko ya chini. Mchoro wa ubaoni ulikuwa umesimama pale uwanjani, juu ya mti wa mwanzi. Moto wa chakula cha mchana haukuwa na kosa kubwa, moshi wake ulipanda ukaenda zake. Moto mbaya ulikuwa ule wa chai ya asubuhi.

"Kwa hiyo," alisema Mbishi, "hatuhitaji kuondoa kuni zote. Tunahitaji kuondoa za chai."

Mwalimu aligeuka akafuta ubao ambao haukuwa na kitu. Kwa miezi mingi alikuwa akiliona tatizo lile kama ukuta. Mtoto wa watu ameonyesha kwamba lina mlango.

Gesi ya kupikia chai waliipata kwenye makombo. Nyuma ya jiko palikuwa na shimo la mabaki ya chakula yaliyooza hadharani na kuwanukia wote bila ubaguzi. Kitu kikioza bila hewa hutoa gesi inayowaka. Mkuu wa shule alikubali, wazazi wakachanga, likachimbwa handaki na kulazwa ndani yake mfuko mzito wa plastiki wenye urefu wa darasa, wenye mdomo wa kulishia upande mmoja na bomba la gesi juu. Mfugaji wa jirani alitoa samadi ya kuanzia. Mfuko ulipoanza kuvimba, wanafunzi waliuita Bi Kitambi, na mpishi, mzee mwenye utani na kila kitu kisichoweza kumjibu, akawa anausalimia kila asubuhi: "Bibi, umeamkaje? Umeshiba?"

Sheria ilikuwa moja: ndoo moja ya makombo na ndoo moja ya maji kwa siku, basi. Mwalimu aliieleza sababu mara mbili. Ndani ya mfuko kuna bakteria wa aina mbili. Wa kwanza wanakivunja chakula na kukigeuza asidi, nao wana haraka. Wa pili wanaila asidi na kutoa gesi, nao ni wazito, na asidi ikiwazidi wanakufa. "Ukilisha kwa pupa, wa kwanza wanasherehekea na wa pili wanazikwa. Utapata mfuko uliovimba, lakini gesi yake haitawaka."

"Kama mimi na shemeji yangu," alisema mpishi, ambaye alikuwa akisikiliza mlangoni. "Yeye anapakua, mimi naosha."

Moto wa kwanza ulikuwa wa buluu na mdogo, ukachemsha birika moja. Ungekua. Mwalimu alikadiria kwamba kufikia katikati ya muhula uliofuata ungebeba sufuria lote la chai.

Jioni ile mkewe alipiga simu. Alikuwa akishona, kama kawaida yake. Hakuwahi kuisimamisha cherehani kwa ajili ya simu, hata ya msiba. Aliibana simu kwa bega na mashine ya kuazima ikaendelea kutetema chini ya maneno yake.

"Nakuja mwisho wa mwezi," alisema. "Nalala usiku mmoja. Nachukua cherehani yangu."

"Hiyo unayotumia ina nini?"

"Ya watu. Nimepata kazi ya sare za shule nzima huku, siwezi kuifanya kwa mashine ya kuomba." Tetema, tetema. "Hujasema kitu."

"Nahesabu."

"Hesabu taratibu, mume wangu."

Alichokuwa akikihesabu ni kwamba mwisho wa mwezi ulikuwa kabla ya katikati ya muhula ujao. Cherehani ikiondoka, itakuwa na wateja huko, na mtu anakaa kwenye wateja wake. Alitaka alfajiri moja tu. Mkewe aamke, asikie sufuria linachemka, asisikie moshi. Apulize kibomba chake, asome mshale mwenyewe.

Basi mwalimu wa sayansi, aliyeieleza sheria mara mbili, alianza kwenda nyuma ya jiko wanafunzi wakishaingia kwenye masomo ya jioni. Alimwaga ndoo ya pili. Mfuko ukavimba vizuri. Akamwaga ya tatu. Alijiambia kwamba ni jaribio, ingawa jaribio lisilo na mtu anayelijua ni wizi tu uliovaa koti jeupe, na hilo pia alikuwa amelifundisha.

Wiki moja baadaye Mbishi aliwasha kiberiti kwenye jiko la gesi. Moto ulishika, ukayumba, ukazimika. Akawasha tena, ukazimika tena. Alichukua kikombe cha maji ya mfuko, akachovya karatasi ya litmasi ya buluu, ya kupimia asidi. Ikawa nyekundu papo hapo.

"Bibi ana kiungulia," alisema mpishi.

Darasani, Mbishi alisimama mbele bila kuitwa. "Asidi imepanda. Sisi tumelisha ndoo moja, kila zamu ina mashahidi wawili. Kwa hiyo kuna mtu mwingine anayelisha. Geti la nyuma ya jiko lina funguo tatu: ya Mkuu, ya mpishi, na..." Aliitazama chaki mkononi mwake.

"Malizia," alisema mwalimu.

"Na yako. Lakini wewe ndiye uliyetunga sheria."

"Mtu unamwondoa kwenye orodha kwa sababu gani?"

"Kwa ushahidi."

"Unao?"

"Sina."

"Basi niandike."

Aliandika, herufi ndogo kuliko za wengine wawili. Mwalimu alisubiri aweke chaki chini.

"Ni mimi," alisema. "Ndoo ya pili na ya tatu, jioni. Nilitaka gesi iwahi mwisho wa mwezi. Nilijua kitakachotokea, nikafanya kama sijui."

Kisha ile sauti ya nyuma, iliyowahi kuupeleka moshi mbinguni, ikauliza kwa upole usio wa kawaida yake: "Mwisho wa mwezi kuna nini, mwalimu?"

"Kuna mgeni."

Hawakuuliza mgeni nani. Mbishi alirudi ubaoni, akachora mstari chini ya yale majina matatu. "Swali lililobaki," alisema, "ni tiba."

Tiba ilikuwa kumfungisha Bi Kitambi: asilishwe kabisa. Samadi mpya ililetwa kurudisha bakteria waliokufa. Ili kuipunguza asidi, Mbishi alijaribu vitu vinne kwenye vikombe, na kilichofaa kuliko vyote kilikuwa maji ya majivu ya kuni, kutoka jiko lile lile la moshi. Lililobaki lilikuwa kungoja.

Mkewe alikuja mwisho wa mwezi, kama alivyosema. Alikuwa amenenepa kidogo na kupendeza, na mwalimu akaona yote mawili.

"Nasikia umejifunza kupika," alisema akifunua masufuria.

"Nimejifunza kula."

Alicheka, na kicheko hakikuishia kwenye kikohozi. Usiku walizungumza habari za dada, za sare, za vifungo vinavyopanda bei. Mwalimu alimweleza habari za mfuko, pamoja na ndoo ya pili na ya tatu. Mkewe alisikiliza bila kumkatiza.

"Wewe?" alisema mwishowe. "Wewe unayepima chumvi kwa kijiko?"

"Mimi."

Alisogea akamlalia begani.

Alfajiri moshi ulishuka. Mwalimu alikuwa amefunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa shuka la cherehani, na bado ukaingia. Mkewe aliketi kitandani, akakohoa, akapuliza kibomba. Alisoma mshale, akamgeuzia asome na yeye. Mia mbili na themanini.

"Si kosa lako," alisema.

"Moshi ulikuwa uishe kidogo kidogo. Nimeirudisha gesi nyuma mwenyewe."

"Basi ni kosa lako. Nifungulie hizi skrubu."

Alifungua skrubu. Kichwa cha cherehani kilitoka kwenye meza yake, kizito kama mtoto aliyelala, wakakifunga kwenye blanketi. Miguu ya chuma, pamoja na kanyagio na gurudumu, ilibaki pale dirishani. Ilikuwa inafunguka kwa boliti nne tu, na kwenye buti la basi nafasi ilikuwepo.

"Na hii?" mwalimu aliuliza.

"Kwa dada kuna meza yenye kanyagio," alisema, akaangalia kwingine. Basi liliondoka na kichwa.

Muhula uliofuata litmasi ilianza kubaki na rangi yake. Kulisha kulianza kwa kikombe, kisha nusu ndoo, kisha ndoo. Ufunguo wa mwalimu wa geti la nyuma ulikaa kwa Mbishi, kwa kura ya darasa, na mwalimu alipiga kura ya kukubali. Moto ulirudi, ukakua. Asubuhi moja mpishi alitia sufuria lote la chai juu ya jiko la gesi, akavuta kiti, akakaa mbele yake kifua wazi kama mtu aliye likizo. "Bibi amepona," alisema. "Sasa machozi yangu nitayapata wapi?"

Walitundika vitambaa upya, sehemu zile zile, saa zile zile. Wiki ya kwanza mwalimu hakumwambia mkewe lolote, wala ya pili. Ya tatu ilipoisha alikitoa kitambaa cha dirishani kwake, akakitia kwenye bahasha, akakituma kwa basi bila maelezo.

Simu ililia jioni. Nyuma ya sauti yake mashine ilikuwa ikienda kasi.

"Dada kaniletea bahasha, ina kitambaa kimepakwa mafuta," alisema. "Hii si bitana yangu?"

"Ni yako."

"Umenikatia bitana."

"Nimekata."

Tetema, tetema, tetema. "Ni cheupe hiki."

"Mchana bado ni kuni," alisema mwalimu. "Mvua zikija na kuipoza samadi, gesi itapungua, sijui kwa kiasi gani. Hilo hatujalipima."

"Sikukuuliza la mchana. Hiki ulikitundika saa ngapi?"

"Alfajiri. Dirishani, juu ya miguu ya cherehani. Kila alfajiri, kwa wiki tatu."

Upande wa pili, mashine ikasimama.