Roweka Kabla ya Kukata

Mimi ni mbishi, nianze na hilo ili tusisumbuane. Nyumbani wananiita Mbishi, kuanzia mama hadi mtoto wa jirani, na barua ya kuitwa chuo ilipofika baba aliisoma mara mbili, akasema, "Chuo cha watu kimepata kazi."

Lakini ubishi huu sikuzaliwa nao. Nimefundishwa na shangazi, dada yake baba, fundi cherehani. Likizo zangu zote zilikwisha kwenye chumba chake cha kazi, nikifagia vipande vya nguo na kumtungia uzi. Chini ya meza yake ya kukatia kuna beseni la bluu, na kitambaa chochote kikiingia chumbani, kwanza kinarowekwa, kinalala, kinaanikwa, kinapigwa pasi, ndipo kinapimwa. Mteja alie, bibi harusi azimie, shangazi hashiki mkasi. Wanamwita mchelewaji na yeye hajali.

Zamani hakuwa hivyo. Aliwahi kuletewa kazi ya kanzu za kwaya, ishirini na nne, za haraka. Akakata bila kuroweka. Jumapili ya kwanza walipendeza, watu wakamsifu. Wakazifua. Jumapili ya pili kwaya nzima iliimba mikono ya kanzu ikiwa kwenye viwiko, na yule wa sauti nene hakuweza hata kuinua kitabu. Shangazi alizishona upya zote kwa pesa yake. "Kitambaa hakikwambii kitanywea kiasi gani," huwa anasema. "Kama ni kunywea, kinywee kwenye beseni langu, kisinywee mgongoni mwa mtu."

Nilipoondoka kwenda chuo alinipa laptopu ya mtumba. Aliinunua kwa fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu, na akamsimamia pale pale mpaka akabadilisha betri na kuongeza kumbukumbu. Nzito kama pasi ya mkaa, na kitufe cha R kiling'oka siku nyingi, unabonyeza kwa kifuniko cha kalamu. Halafu akaniambia mawili. "Namba za siri zikiingia kwenye simu yako usimsomee mtu, hata akikulilia. Na karatasi yoyote inayotaka sahihi yako, iroweke kwanza."

"Karatasi nitairowekaje, shangazi?"

"Utaisoma, mjinga wewe. Halafu utalala. Halafu utaisoma tena."

Na ada yangu ya mwaka wa kwanza aliilipa yeye. Alikuwa na cherehani mbili. Sasa ana moja.

Jumatatu asubuhi tulijazwa ukumbini, wanafunzi wapya mia mbili, kila mmoja na bahasha yake ya vyeti. Mlezi wa Wanafunzi, baba mmoja mwenye tumbo la heshima na sauti isiyohitaji kipaza sauti, akamkaribisha kijana wa suti ya bluu. Huyo tulimbatiza Bwana Kifurushi hata kabla hajamaliza salamu, maana kila alipofungua mdomo kilitoka kifurushi. Kifurushi cha mwanafunzi wa kisasa: laptopu mpya, begi, na kifaa cha intaneti. "Na leo hulipi hata senti!" Makofi. Tungekatwa kidogo kidogo kwenye pesa ya kujikimu, kila muhula, mpaka tumalize chuo.

"Kidogo ni ngapi?" nikauliza.

Ukumbi ukacheka. Bwana Kifurushi naye akacheka. "Dada yangu, kidogo ni kidogo tu. Hata hutasikia."

"Hivyo ndivyo wanavyosema wenye sindano."

Foleni ikaanza. Unafika mezani, unataja namba ya simu, simu inalia, tarakimu sita zinaingia, unazisoma kwa sauti, yeye anabonyeza kwenye tableti, tayari umeshasaini. Unapewa boksi lenye muhuri wa karatasi ya rangi ya fedha. Jamani! Watu wazima, waliofaulu mitihani, wanataja namba zao za siri kwa sauti kama watoto wanaoitikia mahudhurio.

Zamu yangu ikafika. Nikamwambia naomba mkataba nikausome, kesho nitampa jibu.

"Kesho ofa haipo."

"Basi isiwepo."

Mlezi akaja na tumbo lake. "Nini tena hapa?"

"Anataka kusoma," Bwana Kifurushi akasema, kama mtu anayeshtaki mwizi.

"Sikiliza, binti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Bila kifurushi, hapa husajiliwi. Usajili unafungwa Alhamisi saa kumi. Ukizubaa, nafasi yako nampa mwingine, wapo mamia wanaililia."

Niliogopa, sitawadanganya. Nikaiona ile cherehani iliyouzwa, na ile sakafu pale iliposimama miaka yote, alama za miguu yake bado zipo. Nikikosa nafasi, imekwenda bure. Tarakimu sita tu, Mbishi, zisome uondoke. Lakini hasira yangu ina tabia mbaya, huwa inatangulia mbele ya woga.

"Nionyeshe ilipoandikwa, mzee."

"Nimesema mimi!"

"Wewe si karatasi, mzee wangu."

Nikatolewa nje. Sikushikwa mkono, lakini nilitolewa.

Bwenini nilimkuta mwenzangu wa chumba, msichana mrefu hadi tukamwita Twiga, amelipakata boksi lake na wembe mkononi. Anautafuta ukingo wa muhuri. Sikufikiri. Nilimpokonya boksi, nikaliweka sakafuni, nikalikalia.

"Wee! Una wazimu?"

"Usikate. Umesaini kitu ambacho hujakisoma. Kisome kwanza, kesho utakata."

"Wivu tu! Wewe umefukuzwa, sasa unataka na mimi nikose."

"Niite unavyotaka. Sinyanyuki."

"Mbishi wewe, maji nimeshayavulia nguo, niache niyaoge!"

"Umevua ndala tu!"

Alinitukana, akalia, akaenda kula peke yake, akarudi, akanikuta pale pale. Siku ile sikula. Nje kwenye korido nilisikia vicheko na karatasi zikichanwa, mlango kwa mlango, watu wanafungua maboksi yao. Nikazidi kukaza makalio. Alipopanda kitandani, boksi nililala nalo miguuni.

Asubuhi hasira zilikuwa zimempungua. Akanirushia simu. "Mkataba huo. Walinitumia. Soma basi, hakimu." Kwenye simu maandishi yalikuwa kama mchanga. Tukaufungua kwenye ile pasi ya mkaa ya shangazi. Kurasa thelathini na nne! Twiga alikata tamaa ukurasa wa tatu. Mimi nikafungua sehemu ya kutafuta, nikaandika neno moja: ada. Zikajitokeza kama siafu. Ada ya maandalizi. Ada ya mtandao. Ada ya bima. Na hii, haki ya Mungu sijaitunga: ada ya kukumbushwa kwamba una ada. Nikazijumlisha pembeni muhula kwa muhula. Twiga akaangalia jumla, akaniambia nimekosea. Nikajumlisha tena. Pesa ile ingenunua laptopu tatu kama ile dukani, na chenji ya begi ikabaki.

"Nimekwisha," akasema.

Nikashika kifuniko cha kalamu, nikabonyeza R, nikaandika: kurejesha. Ukurasa wa ishirini na nane, katikati ya aya ndefu inayohusu rangi ya begi, ilikuwepo sentensi moja. Mteja anaweza kurejesha bidhaa na kufuta mkataba ndani ya saa sabini na mbili, ikiwa muhuri wa boksi haujakatwa. Kituo cha kupokelea: ofisi ya Mlezi wa Wanafunzi.

Twiga aliliangalia boksi. Akaniangalia mimi. "Mbishi," akasema, "nakushukuru, na makalio yako nayashukuru."

Tulicheka mpaka machozi. Halafu nikakumbuka ile sauti ya karatasi zikichanwa. Nilitoka mbio. Korido yetu ilikuwa na maboksi arobaini. Niligonga kila mlango, nikakuta yenye muhuri mzima kumi na mawili, na la Twiga likiwemo. Ishirini na nane yalikuwa yamekatwa. Nilikuwa nimelikalia boksi moja jioni nzima kama kuku kwenye yai, na sikuinuka hata kugonga mlango wa pili. Hilo linaniuma hadi leo.

Tulikwenda kwanza kwenye meza ya Bwana Kifurushi. Hakuna meza. Karatasi tu ukutani: tutarudi Alhamisi mchana. Muda wa kurejesha ulikuwa unaisha Alhamisi asubuhi. Mjanja mwenye digrii!

Jumatano asubuhi, basi, wasichana kumi na wawili wakajitwika maboksi yao kichwani, na mimi mbele nimebeba laptopu iliyofunguliwa kama sinia. Mlezi alitutazama kutoka mlangoni.

"Mimi sipokei takataka za watu."

"Imeandikwa hapa unapokea, mzee. Ukurasa wa ishirini na nane."

Alisoma. Nilimwona alivyosoma. Kisha akafunga ofisi kwa ufunguo, akautia mfukoni, akasema ana kikao.

"Kaeni," nikawaambia wenzangu.

"Wapi?"

"Juu ya maboksi. Mimi nimeshajaribu, yanabeba."

Wakakaa. Kumi na wawili, ukuta hadi ukuta, korido nzima ya utawala haipitiki. Waliokuja na mafaili waligeuka nayo. Mwalimu mmoja aliruka, akanasa, akaomba msamaha. Mnamo saa sita mlango wa ng'ambo ukafunguliwa, akatoka karani wa usajili, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba na chai yake mkononi.

"Shikamoo, mama," tukamwamkia wote kwa pamoja.

"Marahaba. Mnaatamia?"

Nikamweleza. Hakunikatiza. Akashusha miwani puani, akasoma ule ukurasa, akaurudia. Nilimpenda hapo hapo, kwa kuurudia. Kisha akaingia ndani, akatoka na muhuri na daftari la mapokezi.

"Barua na mizigo yote ya ofisi za jengo hili napokea mimi, na ya Mlezi pia. Kila mmoja aandike barua ya kurejesha, mistari miwili inatosha. Nagonga tarehe na saa. Nakala moja yenu, nyingine ya kampuni. Nakala yenu pigeni picha, na muitunze mahali pawili, si simu peke yake." Akagonga mara ishirini na nne. Sijawahi kusikia ngoma tamu kama ile. Alipomaliza akanigeukia. "Na wewe, boksi lako liko wapi?"

"Sina, mama. Nimeambiwa bila kifurushi sisajiliwi."

"Imeandikwa wapi?"

Nilitaka kumkumbatia na chai yake. Akanionyesha tangazo la usajili lililobandikwa mlangoni kwake, limepigwa jua hadi limekuwa la njano: vyeti, stakabadhi ya ada, picha mbili. Basi. Nikatoa bahasha. Kwenye stakabadhi ile ya ada ndipo ilipokuwa cherehani ya shangazi, na mama yule akaigonga muhuri, akaandika jina langu kwenye daftari la chuo kwa wino mweusi. Nililia. Ndiyo, nililia, hata wabishi wanalia.

Mlezi alirudi kutoka kwenye hicho kikao chake akakuta maboksi yamepangwa mlangoni kwake na risiti zimetoka. Aliniita kwa kidole. "Nitakukumbuka, binti. Miaka mitatu ni mingi."

"Nikumbuke vizuri, mzee. Jina langu lipo kwenye daftari."

Jioni nikampigia shangazi. Alifurahi, akanisifu, akapiga vigelegele peke yake chumbani. Kisha akauliza, "Na waliokata?"

"Ishirini na nane, shangazi. Hao watalipa."

Nikasikia cherehani yake moja ikianza kuzunguka. "Basi usijisifu bado," akasema.

Sikujisifu. Msichana wa chumba cha tatu alianza kuruka chakula cha mchana kabla muhula haujafika katikati. Tulikuwa tunampa sahani yetu kwa zamu, na yeye anaona aibu, kana kwamba kosa ni lake.

Mwaka uliofuata wageni wapya walipoitwa ukumbini, nilifika mapema. Mlangoni kabisa niliweka beseni la maji, la bluu, na vipande vya pamba alivyonitumia shangazi, vyote vimekatwa sawasawa, urefu wa mkono. Twiga alishika futi. Kila anayeingia anapewa kipande kisichorowekwa na kingine kilicholala majini juzi kikaanikwa, anavipima mwenyewe, kisha anapewa karatasi yenye namba ya ule ukurasa wa kurejesha. Foleni ya kuingia ikawa ndefu. Ndani, Bwana Kifurushi alikuwa anapanga maboksi yake, suti ile ile.

Mlezi akaja akipiga hatua. "Nani amekuruhusu kuweka beseni hapa?"

"Nionyeshe ilipokatazwa, mzee."

Aliangalia ukutani. Aliangalia mlangoni. Kijana wa kwanza kwenye foleni alikuwa amesimama na bahasha yake ya vyeti, hajui amwangalie nani, simu yake mkononi tayari kwa kusoma namba.

"Hiyo simu irudishe mfukoni," nikamwambia. "Shika kitambaa. Pima."