Anayegonga Chini ya Sakafu

Ngo, ngo, ngo. Hapo ndipo hadithi ya Bhoke ilipokwama tangu mwezi wa tano. Mjane katika nyumba kuukuu ya mawe, na chini ya sakafu mtu anayegonga mara tatu, akanyamaza, akagonga tena. Kurasa tisa zilijaa mwandiko wake wa kialimu, ulionyooka bila kufutwafutwa. Lakini kila mjane alipoinama ainue ubao wa sakafu, kalamu ilimgomea Bhoke.

Jumamosi aliwasomea wenzake, waandishi sita waliokutana katika chumba cha maktaba mjini Homa Bay. Lynnet, kiongozi wao, ndiye aliyewafundisha ufundi wa kutisha: mnyime msomaji taa, umpe sauti; akikaribia mlango, mgeuze kwanza atazame dirisha; kinachotisha ni kule kungoja.

"Umetubana pumzi, Mwalimu," Lynnet alisema Bhoke alipomaliza. "Lakini ni nani anayegonga?"

"Sitaki msomaji ajue."

"Msomaji asijue, sawa. Wewe unajua?"

Bhoke alifunga daftari.

"Mwandishi huficha alicho nacho," Lynnet akasema kwa upole. "Asichokuwa nacho atakifichaje?"

Hakuna hata mmoja mle ndani aliyejua habari za Masara, kwa kuwa Bhoke hakuwahi kuzisimulia. Miaka miwili iliyopita mgodi wa dhahabu wa Masara, huko Migori, ulikuwa umemfukia mumewe, Austine. Waokoaji walisema walimsikia akigonga kwa siku tatu. Kisha mvua ikanyesha, kuta zikaporomoka tena, shimo likafungwa. Wakwe zake walizika tunda la mti wa yago badala ya maiti, kama Waluo wafanyavyo mtu wao asipopatikana. Kila mmoja alitupa udongo wake kaburini. Bhoke, binti wa Kikuria kutoka Kegonga, alisimama na wake kiganjani mpaka ukakauka. Angemzikaje mtu aliyeita siku tatu asiitikiwe? Tangu hapo alifundisha, akasahihisha madaftari, akarudi kwenye chumba chake cha kupanga, akala akiwa amesimama. Simu za Boaz, rafiki wa Austine aliyetoka mgodini mzima, hakuzipokea.

Shule zilipofungwa, alikwenda Masara.

Boaz alikuwa ameacha kuchimba. Bhoke alimkuta nyuma ya nyumba yake akifyatua matofali, matope yakimfika viwikoni. Boaz alipomwona, alisimama na kalibu mkononi kama mtu aliyefumaniwa.

"Shemeji."

"Shemeji Boaz. Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Austine aligonga mpaka lini?"

Boaz aliiweka kalibu chini polepole. Alimwonyesha gogo, Bhoke akaketi, mwenyewe akabaki amesimama.

"Nilikupigia sana, shem."

"Najua. Niambie sasa."

"Ilikuwa ni mimi. Walikuwa wamekataza watu kuingia. Nikapita shimo la jirani, na nyundo. Nikawa nagonga mwamba mara tatu, nangoja. Nagonga, nangoja. Walio juu wakasikia, wakapiga kelele kwamba yu hai. Nilipotoka kunywa maji nikawakuta wanaimba. Ningewaambia, wangeacha kuchimba."

"Na yeye?"

"Hakujibu. Hata mara moja."

Bhoke aliingoja hasira, kwa sababu alidhani ni haki yake. Badala yake alijihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo bila kuombwa ruhusa. Kumbe Austine hakuita. Kama hakujibu hata mara moja, basi mwamba ulipomwangukia ulimmaliza papo hapo. Miaka miwili yote Bhoke alikuwa akiinamia sakafu kumsikiliza mwingine, na mtu huyo alikuwa amesimama mbele yake na matope mikononi.

"Ulikuwa na nani kule chini?"

"Peke yangu."

"Siku zote tatu?"

Boaz aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema, karibu kwa kunong'ona, "Wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwambia."

Kuku walipita kati yao wakidonoa. Kwa mbali, mashine za kusaga mawe zilikuwa zikinguruma, kazi ikiendelea kama kawaida. Bhoke alijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho alitaja jina la mumewe mbele ya mtu aliyemjua, asikumbuke.

"Asubuhi ile alikuwaje?" aliuliza. "Austine."

Boaz alifikiri. "Alikasirika. Mtu alikuwa amemwibia viatu vyake vya mpira, akavaa vyangu. Vilimbana. Akasema miguu yangu ni ya mtoto wa chekechea, na kwamba mama yangu aliniachisha ziwa mapema."

Kicheko kilimtoka Bhoke kabla hajakizuia, kikamshtua yeye mwenyewe. Boaz alimtazama kwa woga, halafu naye akacheka, akijifuta macho kwa mkono wa matope, akajipaka usoni.

"Na wewe ulimjibu nini?" Bhoke aliuliza, akasogea ukingoni mwa gogo, akimwachia nafasi.