Isale la Milano

Chumba cha Filemon pale Milano kilikuwa kikubwa kuliko nyumba aliyozaliwa, na hakikuwa na hata swichi moja ya taa aliyoielewa. Bafu lilikuwa la vioo vitupu, utadhani mwenye hoteli alitaka watu waoge hadharani. Kampuni moja ya kukaanga kahawa ndiyo iliyomtoa Machame ikamweka humo, katika hoteli ambayo wageni wake huvaa miwani ya jua ndani ya nyumba, ili asimame kwenye maonyesho yao aitwe mkulima wa Kilimanjaro.

Mkulima! Bei ya kahawa ilipoanguka, na wanunuzi binafsi wakawa wanaipanga watakavyo, huyu mkulima alishika shoka akaikata mibuni ya baba yake, Mzee Anaeli, mzee akiwa kanisani. Alitaka kupanda nyanya. Mzee alirudi na kitabu chake cha nyimbo mkononi, akasimama katikati ya visiki, kisha akaingia ndani. Tangu siku hiyo hakusema naye tena. Ulibaki mstari mmoja wa mibuni nyuma ya zizi, na huo ndio uliopigwa picha ikapelekwa Ulaya.

Machame nzima inajua jambo kama hilo linavyomalizwa. Unachuma isale, lile jani refu la kijani linaloota mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo, unalifunga fundo, unampelekea uliyemkosea. Akishaletewa isale, hata kama moyo unamchemka, hana budi kusamehe.

"Baba Brenda, hali ya mzee si nzuri," Beatrice, mkewe, alimwambia kabla ya safari. "Chuma isale uende."

Filemon alijibu kuwa atakwenda akirudi. Isale lenyewe lilikuwa limeota kando ya mlango wa mzee, angeweza kulichuma huku anapita. Alikuwa anaona aibu, na kama kawaida ya wanaume, aibu ile akaivika kiburi.

Asubuhi moja pale hotelini alishuka kwa lifti kwenda kunywa kahawa. Mapokezi, ndani ya chungu cheupe kirefu, akaliona. Isale! Limepanguswa vumbi, limewekewa taa yake peke yake. Wageni walilipita na mabegi yao ya magurudumu bila kulitazama. Filemon akakaa kwenye kochi la ngozi akalia, dada wa mapokezi akimwuliza kwa ishara anaumwa wapi.

Akaomba simu, akampigia jirani mwenye simu ya mkononi, naye akamwita Beatrice.

"Mzee amezidiwa," Beatrice akasema. "Anakutaja."

"Anasemaje?"

"Anataja jina tu. Baba Brenda, nichume isale nimpelekee kwa niaba yako, sasa hivi. Mjomba Godwin atanisindikiza."

Ingekubalika, Filemon alijua. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kile chungu, na wazo likamwingia, wazo la mtu aliyelalia shuka za hoteli siku chache akajiona. Atalipeleka la huku. Mzee ataona mwanawe amelitoa Milano kwenyewe, na ataelewa kwamba hata kwenye raha hizi hakumsahau.

"Usiguse," akasema. "Mwambie ninakuja nalo mwenyewe, la kutoka huku. Anisubiri."

Dada wa mapokezi alipogeuka, Filemon akanyofoa jani, akalifunga fundo, akalificha ndani ya Biblia yake. Kwenye maonyesho alitabasamu alipoambiwa atabasamu. Walimpigia makofi kwa kahawa ya mibuni ambayo nyumbani ilishakuwa kuni.

Alipofika Machame aliona maturubai kabla hajaiona nyumba. Katikati ya kihamba wanaume walikuwa wanachimba kaburi, palepale palipokuwa na mibuni, wakihangaika na visiki.

Beatrice akamvuta kando. Filemon akafungua Biblia. Jani lilikuwa limenyauka, fundo limelegea.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Nikasema Filemon anakuja na isale kutoka Milano, umsubiri."

"Akasemaje?"

Beatrice akataka kurudi jikoni. Filemon akamshika mkono, akamsihi.

"Aliuliza, hili la mlangoni kwangu lina kasoro gani? Kisha akageukia ukutani, Baba Brenda. Hakusema tena."

Filemon alitazama mlango wa mzee. Isale lilikuwa palepale, bichi, limetapakaa hadi njiani. Lile la mkononi mwake hapakuwa tena na mtu duniani wa kulipokea, na alilijua hilo kwa mwili mzima.

Huko shimoni mtu akapaza sauti aletewe shoka, kisiki kimoja kilikuwa kimekataa. Watu wakaulizana liko wapi. Filemon akaenda kulichukua, maana ndiye aliyejua lilipo.