Taya la Masrasekta

Sisi wafagiaji wa jangwa la Fayumu tunachekwa hata na wake zetu. Nani anafagia jangwa? Lakini kazi ndiyo hiyo: tunaondoa changarawe, tunakwenda zetu, na upepo unapeperusha mchanga mwaka mzima. Tukirudi, mifupa ya kale iko juu, tunaiokota.

Daktari Ibtihal, mtaalamu wa mifupa hiyo tunayemfanyia kazi, alikuwa na fuvu moja la masrasekta, mnyama mla nyama wa ukubwa wa kicheche, aliyetoweka zamani mno. Fuvu lenyewe halikuwa na taya la chini. Alilitafuta miaka kumi na tano, na msimu huu ulikuwa wake wa mwisho kabla ya kustaafu.

Taya nililiona mimi, Rubi, siku ya mwisho ya msimu uliopita. Zima kabisa, na meno yake yote. Asubuhi ile Shadli, mkuu wa wachimbaji, alikuwa amenitania mbele ya watu: "Rubi bwana, wewe na huo ufagio, nani anamshika mwenzake?" Wakacheka mpaka chai ikawapalia. Nikajua nikisema, Shadli atalichimba yeye na sifa zitakuwa zake. Nikanyamaza. Nilitaka nifungue nalo msimu mpya, wote wakiona.

Kisha nikamaliza kufagia. Mkono umezoea, uliondoa changarawe mpaka ubavuni mwa taya, changarawe ile ile iliyokuwa ikilikinga na upepo. Miaka ishirini ya kazi, na sikufikiri! Mjinga ni mimi.

Tuliporudi, nilitangulia mbio. Nilikuta chengachenga nyeupe, na jino moja lililosagika nusu.

Daktari alipiga magoti, akagusa chenga moja kwa ncha ya ulimi. Ikanata ulimini kama mfupa wa kale unavyonata, na mawe hayanati hivyo.

"Lilikuwa taya," alisema. "Ami Rubi, lilikuwa hapa hapa."

"Pole, daktari."

"Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyesema pafagiwe." Akajifuta macho kwa mtandio.

Shadli akadakia, "Labda kuna mtu aliliona, akalinyamazia."

"Hebu nyamaza, Shadli! Hapa alifagia Ami Rubi. Angeliona, angeniita. Namjua huyu."

Wote wakanigeukia. Aibu ilinichoma mpaka masikioni.

"Ningekuita, daktari," nikasema.