Bendeji za Kocha Ethan

Siku ya Jumanne, Jerotich alirudi kutoka mazoezi ya ngumi, kifundo cha kidole kimevimba. Bibi yake, Bilha, ambaye yeye humwita Kogo, na aliyewauguza wazee wa Silver Spring, Marekani, majumbani mwao kwa miaka kumi na sita, hakuuliza amempiga nani. Alitazama bendeji iliyobaki mkononi. Kiganjani imelegea, kwenye kifundo cha mkono imekaza kupita kiasi, na gumba limesahauliwa kabisa.

"Nani amekufunga hivi?"

"Kocha. Plizi, Kogo, usianze."

"Sijaanza. Nimeuliza."

Ndipo binti akasema. Siku zote Kocha Ethan akishamfunga, yeye huenda chooni akajifunga upya. Leo hakupata nafasi. Na Jumamosi, kwenye pambano lake la kwanza kule Fairfax, kocha hatamwacha hata dakika moja.

"Si umwambie?"

"Atajisikia vibaya, Kogo."

Kesho yake Bilha alipanda mabasi mawili hadi ukumbi wa ngumi wa Riverdale Park, nyuma ya duka la matairi. Ethan alikuwa Mwingereza wa Leeds, pua imelala upande. Alipigana mara thelathini na nane, akashindwa tisa, na hizo tisa ndizo alizozikumbuka vizuri. Alikuwa akimfunga kijana mmoja, bendeji ikamponyoka ikabingirika chini ya benchi.

"Imenikimbia kama wapinzani wangu," akasema, na vijana wakacheka.

Bilha hakucheka. Aliona gumba na kidole cha shahada vya Ethan vikisuguana vyenyewe, kama vinaviringisha kidonge. Mgonjwa mwenye mkono wa namna hiyo alishamlisha uji miaka minne.

Vijana waliposhika kamba za kuruka, akamsogelea.

"Kocha, mkono huo umeanza lini?"

"Mkono gani, Mama?"

"Huo uliouficha mfukoni."

Ethan akatazama kamba zikipiga sakafu. "Tangu Krismasi. Kwa daktari sijaenda. Ngumi zote nilizokula, najua atakachosema." Kisha, polepole: "Kocha wangu kule Leeds alinifunga bendeji mapambano yote. Bondia akijua kocha wake hawezi kumfunga, anapanda ulingoni na woga."

"Mjukuu wangu, Jerotich, anajifunga upya chooni."

Ethan akakaa kwenye benchi taratibu, kama mtu aliyepigwa ubavuni na hataki mwamuzi ajue.

"Basi atafute kocha mwingine."

"Sikupanda mabasi mawili kwa hilo. Macho yako nayo yanatetemeka?"

"Hapana."

"Basi nifundishe kufunga. Ila yeye umwambie mwenyewe. Na Jumatatu tunakwenda kwa daktari, mimi na wewe."

Ethan alimwambia Jerotich Ijumaa, wamekaa ukingoni mwa ulingo. Jerotich alilia kidogo, kisha akauliza kama mazoezi yanaendelea.

Jumamosi, katika chumba cha kubadilishia nguo, Bilha alifunga, Ethan amepiga magoti kando.

"Gumba kwanza. Sasa kifundo cha mkono, mara tatu. Hapo unakaza, Mama, mwache apumue."

"Nimefunga watu tangu hujavaa glavu, wewe."

"Umefunga vidonda, Mama. Huu mkono unakwenda kugonga."

Jerotich akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Ethan akaishika ngumi yake kwa mikono yote miwili. Mkono wake ulitetemeka, na safari hii hakuuficha.

"Ikoje?"

"Iko sawa, Kocha."

Ethan hakuiachia. Alimtazama tu. Mlangoni mtu aliita jina la Jerotich. Binti akakunja vidole, akavikunjua.

"Gumba," akasema. "Limebanwa."

Bilha akaifungua bendeji yote, akaanza upya.