Kompyuta ya Kusubiria

Kompyuta ya Mama Picha ilikuwa na sauti yake. Ukiiwasha, feni ilianza kukoroma kama mtu aliyeshiba, ikatulia, ikapanda tena, na hapo ulijua kazi imeanza na wewe tafuta pa kukaa. Pa kukaa palikuwepo: benchi refu la mbao chini ya picha za maharusi, kutoka mlangoni mpaka kwenye pazia jeupe la kupigia picha za vitambulisho. Watu waliiita kompyuta hiyo Bibi, na hakuna aliyeiita hivyo kwa dharau.

Prosesa yake, yaani ubongo wake, ilikuwa ya bei ya chini tangu siku iliponunuliwa, sembuse sasa. Vitambulisho iliviweza. Barua za kuomba kazi iliziweza. Ila ukiipa video ya sherehe, iunganishe picha, muziki na maandishi viwe kitu kimoja cha kuweka kwenye flashi, kazi ambayo wenyewe wanaiita kupika, basi ungeweza kwenda sokoni, ukagombana na muuza nyanya, ukapatana naye, ukarudi, ukaikuta palepale.

Ndiyo maana benchi halikukauka watu. Msusi mwenye saluni ya jirani alikaa upande wa mlangoni ili wasaidizi wake wakimwita asikie, au asisikie, kutegemea na maongezi yalipofikia. Karibu na pazia alikaa dereva mmoja mstaafu, jina lake Redio kwa sababu hazimiki, aliyekuja kuchapisha barua ya kudai haki zake kazini kwake kwa zamani. Kila siku aliongeza sentensi moja na kufuta mbili. Mama Picha mwenyewe aliwapa mgongo, macho kwenye kioo, masikio nyuma. Nani kahama, nani karudishwa, nani kavishwa pete akaivua, habari zilipita hapo kwanza ndipo zikaenda mtaani.

Nyumbani kwake kulikuwa kimya. Watoto walishaondoka, kila mmoja na mji wake, na sahani ya kuosha jioni ilikuwa moja. Hilo hakumwambia mtu.

Aliyeleta kasheshe ni mtoto wa marehemu dada yake, fundi kompyuta, kijana mwenye heshima zake lakini asiyeweza kuona kitu kinakwenda polepole akanyamaza. Alikuja siku moja na boksi kifuani.

"Mama mdogo, hiki chombo kinakuaibisha."

"Mimi sijaona haya. Wewe umeona?"

"Studio ya ng'ambo ya barabara wanatoa video mteja akiwa bado amesimama."

"Maskini. Kwani hawana viti?"

Benchi zima likacheka. Fundi hakucheka. Aliliweka boksi mezani akaanza somo.

"Sikilizeni. Ndani ya Bibi mna wapishi wawili. Wawili tu, na wanagombea kisu kimoja. Wakitaka chumvi, mmoja atoke aende dukani, mwenzake amngoje. Hii niliyoleta ina wapishi sita, kila mtu na kisu chake, na chumvi iko mezani. Na msidhani nimeleta ya matajiri. Hii nayo ni ya bei ya chini, kama Bibi alivyokuwa enzi zake."

Redio, ambaye huwa hakubali kitu bila kukikagua, alisogeza miwani akasoma ubavuni mwa boksi. "Mbona kasi iliyoandikwa hapa na ya Bibi zinakaribiana?"

"Hiyo ni namba ya hatua, mzee wangu. Hatua wanapiga karibu sawa. Ila Bibi kila hatua anabeba kijiko, huyu kila hatua anabeba sufuria. Halafu Bibi anakula umeme na kutoa joto kuliko huyu."

"Joto namsifu," alisema Msusi. "Msimu wa baridi nilikuwa naegemeza miguu pale."

"Dada, tunaongelea kazi."

"Basi kama ni kazi, kabla hujamwoza tumwone. Video ya harusi ya binti yangu si ipo? Wapeni wote wawili."

Fundi akaruka na neno hilo. Kazi moja, meza moja, waanze pamoja. Bibi akishindwa, aondoke mezani. Mama Picha alitafuta sababu ya kukataa. Aliyokuwa nayo haikuwa ya kusemwa mbele ya watu: mashine ikiwa na haraka, nani atakaa? Akasema, "Haya."

Siku ya mashindano benchi lilijaa mpaka Redio akasimama. Fundi alibonyeza huku na huku kwa mkupuo. Bibi akaanza kukoroma. Yule mpya, ambaye tayari walishambandika jina la Mgeni, hakutoa hata pumzi.

"Huyu mzima kweli?" aliuliza Redio.

Msusi akaona wakati ndio huu. Alivua viatu, akakunja miguu. "Jamani, juzi yamenikuta. Nina wateja wawili, viti vimepakana, hawajuani. Huyu ananiambia nimsuke vizuri, mchumba wake anapenda nywele za kubana juu. Yule wa pili anadakia, 'Hata wangu!' Wakacheka. Huyu anasema wangu ni fundi bomba. Yule anasema, 'Hata wangu!'"

"Mama yangu," alisema Mama Picha, na kwa mara ya kwanza akageuka mzima mzima.

"Mimi niko katikati na kitana mkononi. Sipumui. Huyu anasema wangu ana kovu hapa, kwenye nyusi. Yule amenyamaza. Mara simu ikalia pale mezani, na kwenye kioo cha simu..."

"Tayari," alisema Fundi.

Wote wakatazama. Mgeni alikuwa amemaliza. Bibi, akikoroma kwa bidii zote, alikuwa kwenye asilimia sita. Fundi aliwachezea video tangu mwanzo: safi, haikatiki, bibi harusi anameremeta. Akaichomoa flashi, akamkabidhi Msusi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi.

Msusi akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" waliuliza watu kwa pamoja. "Simu ilikuwa ya nani?"

"Nitawaambia siku nyingine. Kazi si imeisha? Nimemwacha mtu ana dawa kichwani."

Akatoka. Mama Picha alibaki ametazama mlango.

Siku zilizofuata biashara ilichangamka, hilo halina ubishi. Wateja wa studio ya ng'ambo walivuka barabara. Fundi alipita kila jioni kuuliza hali, akitabasamu. Lakini benchi! Mtu akikaa, kabla mbao hazijapata joto anaitwa jina, anachukua chake, anaaga. Msusi alipita mlangoni akipunga mkono tu. Redio naye, Mgeni alifungua barua yake kwa haraka hata mzee akakosa muda wa kubadilisha mawazo. Ikachapishwa, ikaisha, na mzee hakuwa na nyingine.

Kilichomchoma Mama Picha zaidi kilitoka kwa muuza mkate. Alikuwa anampimia habari kama kawaida, akitaja kwa mbali wanawake wawili na fundi bomba mmoja, na muuza mkate akamkatisha: "Aa, yale? Yalishaisha. Kwani hukusikia? Mtaa mzima unajua."

Yeye, Mama Picha, kuambiwa mtaa mzima unajua! Alikataa kusimuliwa mwisho. Hakutaka kuupokea kwa mtu ambaye hakuwepo.

Kesho yake aliingia stoo, akamtoa Bibi, akampangusa vumbi, akamrudisha mezani. Mgeni alimweka chini ya meza, kioo chake akakifunika kitambaa. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: watu walikaa kwa sababu mashine ilichelewa, basi ichelewe. Asubuhi mapema alikuwa ameshamaliza kazi zote kwa Mgeni, akazificha kwenye droo. Mlango ulipofunguliwa, Bibi alikuwa anakoroma kwa nguvu, akipika upya video ya harusi ya watu ambao walishaachana kitambo.

"Mgeni anaumwa," alitangaza. "Tumerudi kwa Bibi. Kaeni."

Wakakaa. Msusi alikuja kuchukua picha za binti yake za kutundika ukutani, akaambiwa bado, akavua viatu. Redio alipita tu, akasikia mkoromo, akaingia. Mama Picha aliwapa mgongo, masikio nyuma, na moyo wake ukarudi mahali pake.

"Haya, Msusi, ile simu..." alianza.

Ndipo Fundi akaingia. "Hii kelele ya nini? Mgeni kafanyaje?" Alifunua kitambaa, akaona kioo kinawaka vizuri. Akavuta droo kutafuta bisibisi, akatoka na bahasha. "Mbona picha za Msusi hizi hapa? Zimetoka zamani! Na hii Bibi anayopika ni ya nani?"

Shingo zote ziligeuka. Hata Bibi alipunguza sauti, au ilionekana hivyo. Mama Picha alitamani ardhi ipasuke. Sasa wataondoka, alijua, na safari hii wataondoka na hadithi yake yeye: Mama Picha anafungia watu kwa uongo ili apate wa kuongea naye.

Msusi alinyoosha mkono, akaichukua bahasha. Hakuifungua. Akairudisha kwenye droo, akaifunga droo kwa goti.

"Kijana, nani kakuuliza?"

"Lakini dada, kazi iko tayari."

"Mimi mtu mzima. Nina saluni, nina wasaidizi, nina mume anayehesabu nikitoka. Nikija kukaa hapa bila kazi, watasema nini? Nikisema nasubiri kompyuta, nani atanidai neno? Wiki zote hizi sina pa kukaa kwa ajili ya wapishi wako sita. Mwenye haraka zake mpe Mgeni. Mimi niweke kwa Bibi."

"Na mimi," alisema Redio. "Nina barua."

"Si iliisha?"

"Wamenijibu. Wamenijibu vibaya sana."

Mama Picha hakugeuka. Alijifanya anafuta kioo kwa ncha ya khanga, na alikifuta muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Simu ya Msusi ikalia. "Eh, bado," alimwambia mumewe bila hata kutazama mezani. "Niko hapa nangoja. Asilimia nane." Akaizima. "Fundi, kaa basi, unatuzibia mlango."

Fundi alitazama huku na huku, akasogezewa nafasi, akakaa na bisibisi yake.

"Haya, nilikuwa wapi?"

"Simu!" walisema wote.

"Simu inalia. Kwenye kioo, jina: 'Wangu'. Na picha, jamani, ni yuleyule wa kovu. Sasa yule wa kiti cha pili akanyoosha mkono, hivi, akaipokea yeye..."

Fundi alikuwa ameinama mbele kabisa, kidevu mkononi. Mlio mdogo ukatoka mezani.

"Mama mdogo," alinong'ona bila kuondoa macho kwa Msusi, "Bibi amemaliza."

"Basi mwanzishe tena," alisema Mama Picha.